Ondoeni Ile Sufuria ya Pili

Mtu akipatikana na ugonjwa wa sukari katika nyumba zetu, kitu cha kwanza kutengwa ni sufuria. Anatolewa kasufuria ka peke yake, na kuanzia siku hiyo chakula chake hupikwa humo: kuku wa kuchemsha asiye na ladha, sukuma wiki iliyolegea, kipande cha ugali wa wimbi. Pembeni yake, kwenye jiko hilo hilo, pilau ya Ijumaa imepaliwa makaa juu. Nyumba nzima inanukia iliki na kitunguu. Halafu tunamwambia, "Babu, wewe chakula chako hiki hapa. Tumekupikia vizuri."

Tunaiita huruma. Mimi naiita kumfukuza mtu kwenye sinia, na wazee walishasema: akufukuzaye hakwambii toka.

Hoja yangu ni fupi. Mgonjwa wa sukari anaweza kula pilau ya kuku, na pilau hiyo inaweza kupikwa ikamfaa. Lakini ipikwe katika sufuria kubwa, ile ya watu wote, na wote waile hivyo hivyo ilivyo. Sufuria ya pili ni uzembe wetu sisi tusioumwa. Tumeona ni rahisi kumbadilisha mtu mmoja kuliko kuubadilisha mkono wa mpishi.

Tuanze na kinachotokea kweli, maana katika jambo hili watu wengi huongea kama malaika. Mtu aliyekula wali tangu aote meno hawezi kuuacha kwa sababu ameandikiwa karatasi. Wiki ya kwanza atajikaza. Ya pili atanung'unika. Ya tatu, usiku, taa zikishazimwa, atakwenda jikoni kukwangua ukoko. Na ukoko ndio ulioshika mafuta yote. Ataula amesimama, gizani, harakaharaka, kama mwizi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kisha inafika siku ya kliniki. Anapimwa, sukari iko juu.

"Mzee, unafuata masharti?"

"Nafuata, daktari."

Atasema nini? Nani atakubali, mbele ya muuguzi wa umri wa mjukuu wake, kwamba anaiba ukoko? Basi daktari, ambaye hana njia ya kujua, anaona dawa ndiyo haitoshi. Anaiongeza. Dawa sasa imepimwa kwa uongo. Ikiwa ni insulini, au baadhi ya vile vidonge vinavyosukuma kongosho, siku mzee atakayoamua kutii kweli, akala kale kakuku ka kuchemsha na majani mawili, dawa ile ile itamshusha. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanamchanganyikia, anaanguka msalani. Watu watasema sukari imempanda. Wapi! Imeshuka. Na safari ya kuanguka kwake ilianzia kwenye aibu tuliyompikia kila siku.

Tabia hii ya kumtibu mgonjwa wa sukari kwa kumnyima haikuanza kwetu. Katika miaka ya 1910, kabla insulini haijapatikana, daktari mmoja Mmarekani, Frederick Allen, alikuwa akiwapunguzia wagonjwa wake chakula mpaka wakabaki mifupa. Tusimwonee, hakuwa na silaha nyingine. Njaa iliwaongezea wengine miezi, wengine miaka, na baadhi yao waliuawa na njaa yenyewe. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best wakaanza kazi iliyoleta insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano ya kwanza. Toka hapo njaa ikapoteza kazi yake kama dawa.

Zaidi ya miaka 100 imepita. Lakini zitazame karatasi nyingi zinazopita mikononi mwa wagonjwa na kwenye simu zetu, utaona kivuli cha njaa ile. Usile wali. Usile chapati. Usile muhogo. Usile embe. Na upande ulioandikwa "kula" umejaa vitu ambavyo mama anayenunua vyakula Kongowea havijui wala havihitaji: kinowa, brokoli, samaki wa salmoni. Karatasi kama hiyo inamwambia mgonjwa kwamba ili apone inabidi kwanza awe mtu wa nchi nyingine.

Sasa tuuulize huo wali kosa lake hasa ni lipi. Mji ule ule wa Toronto, mwaka 1981, David Jenkins na wenzake walitoa kipimo cha kulinganisha vyakula kwa kasi yake ya kupandisha sukari ya damu. Mtu hulishwa chakula chenye gramu 50 za wanga, damu yake ikapimwa kwa muda wa saa mbili, halafu ikalinganishwa na siku aliyokunywa glukosi. Katika kipimo hicho wali mweupe ulipata jina baya, na haukusingiziwa. Aina nyingi zake hupandisha sukari kwa kasi. Lakini mchele una koo zake. Mchele wa punje ndefu wa jamii ya basmati, ambao pishori yetu ya Mwea ni wa ukoo huo, kwa kawaida hupandisha polepole kuliko mchele unaonata, kwa sababu ya aina ya wanga uliomo ndani ya punje. Na mchele wa kahawia, unaouzwa kwa bei ya kuringia, haukuuacha ule mweupe mbali kama tunavyoambiwa. Una nyuzinyuzi zaidi, ni kweli, na mwenye uwezo anunue. Ila anayejaza sahani ya mchele wa kahawia kwa kuwa "ni wa afya" anajidanganya kwa gharama kubwa.

La maana zaidi ni hili: katika kipimo kile wali huliwa mtupu. Pilau ya kuku hailiwi hivyo. Inakuja na nyama, na kitunguu, na kachumbari, na ikipikwa kwa akili inakuja na nafaka za jamii ya kunde. Protini na nyuzinyuzi huchelewesha chakula tumboni, sukari ikaingia damuni kidogokidogo. Hata mpangilio wa kula una kazi: tafiti zimeonyesha kwamba mtu akianza na mboga na nyama, wanga ukaja mwisho, sukari baada ya mlo hupanda kidogo kuliko akianza na wanga. Chakula ni kile kile, mdomo ni ule ule, ila foleni imebadilishwa.

Kwa hivyo mshtakiwa wetu yuko kizimbani, lakini washirika wake wamekaa nje wanakula upepo. Hebu tuwaite. Theluthi moja ya kikombe cha wali ulioiva ina takriban gramu 15 za wanga. Kikombe kizima, gramu 45. Sahani ya shughuli zetu hubeba vikombe viwili, vitatu. Juu yake kuna viazi viwili vilivyopikwa ndani ya pilau. Kando kuna ndizi mbivu. Bara wanaongeza chapati na mukimo, sahani inakuwa mlima wa wanga wenye kuku mmoja mpweke kileleni. Halafu inafunguliwa soda, na chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Anayeona soda ni mbaya anamiminiwa juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari kwa bakuli. Mtu akizidiwa usiku, tunasema pilau imemmaliza. Pilau gani? Hiyo ilikuwa na wenzake sita.

Najua jibu litakalokuja: "Hivyo ndivyo ilivyo mila yetu." Mila ipi? Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii. Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, uliopakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na achari za ndimu, tangawizi na embe. Hakuficha pia kwamba watu wa mji ule walikula sana na walikuwa wanene mno. Alipofika Mombasa alikuta kisiwa kisicholima nafaka. Chakula kikubwa cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Nafaka ililetwa kutoka bara ya pwani.

Katika hesabu hiyo yote hakuna kiazi, wala hakingeweza kuwamo. Kiazi kilitoka Amerika ya Kusini, kama nyanya na pilipili zilivyotoka ng'ambo hiyo hiyo, na vyote vilikuja baada ya Wareno kuanza kuzunguka dunia. Maana yake, pilau tunayoiapia leo ni pilau iliyobadilishwa na mabibi zetu, mara nyingi tu, kila kilipokuja kiungo kipya au shida mpya. Walibadilisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisi ndio tumeshika mwiko tukaogopa kuusogeza.

Haya, tuingie jikoni. Watu sita.

Kuku mmoja mkubwa, kilo moja na nusu. Wa kienyeji ukimpata, wa gredi ukikosa. Mtoe ngozi, mkate vipande, mchemshe na thomu, tangawizi, ndimu na chumvi kidogo. Supu ikipoa, engua mafuta yaliyoelea. Usitie vile vidonge vya supu vya dukani. Vimejaa chumvi, na sukari na presha aghalabu hutembea pamoja.

Mchele gramu 300, pishori, uoshwe na kulowekwa nusu saa. Sasa hapa ndipo mpishi wa zamani atakapokunja uso, kwa sababu amezoea kilo nzima. Asikasirike. Upungufu tutaujaza na kamande gramu 150. Zichemshe pembeni mpaka ziive nusu, umwage maji. Wali wenye jamii ya kunde ndani yake si uzushi wangu: Wahindi wana kichri, Waarabu wana mjadara, na huyo huyo Ibn Battuta alikuta India watu wakila mchele na choroko asubuhi. Kamande huachia sukari polepole, na huleta protini ambayo kuku peke yake angekugharimu.

Vitunguu vitatu vikubwa, vikatwe vyembamba. Mafuta vijiko vitatu vya mezani, basi. Wapishi wa shughuli humimina mafuta kwa jagi wakiamini ndiyo yanayoipa pilau rangi. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, na kitunguu kinataka subira. Kiweke moto wa wastani, ukigeuze. Kikianza kushika, nyunyizia maji kijiko kimoja, ukiendelee. Baada ya dakika 20 kitakuwa na rangi ya kahawa bila kuogelea. Hapo tia thomu na tangawizi zilizopondwa, kisha bizari nyembamba vijiko viwili vya chai, iliki sita, karafuu tano, kijiti cha mdalasini na pilipili manga. Nyanya moja ikifuata inatosha. Tia kuku, mgeuze mpaka ashike viungo.

Mahali pa viazi tia karoti mbili, mishiri na pilipili hoho, zote pamoja zifike nusu kilo. Kisha mchele, kamande, na supu ya kuku glasi tatu. Funika. Maji yakikauka, palia makaa juu ya kifuniko, au punguza gesi mpaka mwisho, uache dakika 15. Ukifunua, harufu ni ile ile unayoijua, maana harufu haijawahi kukaa kwenye kiazi.

Hesabu yake kwa mtu mmoja inakuja kati ya gramu 55 na 60 za wanga, na sehemu nzuri ya wanga huo imetoka kwenye kamande na mboga. Ilinganishe na ule mlima wa shughuli.

Wakati wa kupakua, kachumbari itangulie: kabichi iliyokatwa nyembamba, tango, kitunguu, nyanya, dania, ndimu. Nusu ya sahani iwe kachumbari au mchicha, robo kuku, robo pilau. Wanaokula sinia moja wapange vivyo hivyo: mboga zizunguke ukingoni, kuku agawiwe kila mtu upande wake, wali ukae katikati, na kila mkono upitie mboga kabla ya kufika katikati. Maji ya kunywa yawe maji. Ikibaki, isilale mezani. Iingie kwenye friji mapema, maana wali uliolala joto huota vijidudu ambavyo sumu yake haitoki kwa kupashwa moto. Na kiporo kilichopoa vizuri kwenye friji kina faida yake: sehemu ya wanga wa wali uliopoa hugeuka ukawa mgumu kusagwa tumboni, hata ukiupasha tena.

Nikishataja mdalasini, lazima nimalizane na wale wanaouuza kama muujiza. Wako sokoni, wako mitandaoni: "Kijiko kimoja kila asubuhi, utatupa sindano." Tafiti za mdalasini na sukari zimetoa majibu yanayopingana, na hakuna hata moja iliyoufanya mbadala wa dawa. Mdalasini ni kiungo. Umewekwa kwenye pilau kwa sababu pilau bila mdalasini inanuka wali. Anayemwambia mgonjwa wa insulini aache sindano kwa ajili ya unga wa mdalasini anamchimbia kaburi, na tumwambie hivyo usoni, hata kama ni jirani yetu.

Upo upinzani mwingine, wa heshima zaidi, nao unatoka kwa kina mama wenyewe: "Kwa nini watoto wangu walishwe chakula cha mgonjwa?" Swali hilo ndilo kiini cha ugomvi wangu na sufuria ya pili. Unapotenga sufuria unaamini kwamba ugonjwa umekaa kwa Babu peke yake na wengine mko salama. Sukari ya aina ya pili haiendi hivyo. Mtoto wa mzazi mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata kuliko mtoto wa jirani. Hao wanaoachiwa sufuria kubwa, na viazi vyake, na jagi la mafuta, na soda ya kuteremshia, ndio walio kwenye foleni. Babu anakula kwa tahadhari baada ya kuumia. Wajukuu wanakula bila tahadhari kabla ya kuumia. Niambie, katika hao wawili, nani hasa alihitaji pilau iliyobadilishwa?

Halafu kuna kazi yenyewe. Sufuria mbili ni moto mara mbili, kukatakata mara mbili, kuosha mara mbili, na tunajua mikono ya nani inayofanya hayo. Mama au dada wa kazi anapika karamu na hospitali kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kasufuria ka mgonjwa huishia kupikwa ovyo: si chuki, ni uchovu. Chakula cha mgonjwa kikiwa ndicho chakula cha nyumba, kitapata chumvi yake, ndimu yake na muda wake.

"Lakini kuku ni ghali." Ni kweli. Basi punguza kuku, ongeza kamande. Na mchele wenyewe umepungua zaidi ya nusu, mafuta yamepungua, soda imetoka mezani. Piga hesabu kabla hujaniambia pilau hii ni ya matajiri.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mgonjwa ale kikombe kizima kesho. Miili haifanani, mwenye kipimo cha kidole apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, aone pilau inamfanyia nini yeye, asisikilize inavyomfanyia jirani. Mwenye figo zilizodhoofika aongee na daktari kuhusu kamande na kiasi cha kuku. Anayejidunga insulini asibadilishe kipimo cha dawa kwa sababu amebadilisha chakula, mpaka azungumze na anayemtibu. Na katika mazungumzo hayo aseme ukweli: nakula pilau, kiasi hiki, Ijumaa. Daktari anayeambiwa hivyo anaweza kufanya kazi. Daktari anayedanganywa anabahatisha.

Na ukweli hausemwi na mtu aliyeaibishwa. Hilo ndilo ninalowaomba wenye nyumba walielewe. Ugonjwa huu hauponi kwa wiki mbili. Mtu anaishi nao miaka 20, 30, akilinda macho, akilinda figo, akikagua nyayo zake kila jioni asije akapata kidonda asichokisikia. Kazi hiyo ndefu haifanywi na mtu anayekula pembeni, akiwasikia wenzake wakicheka mezani.

Kwa hivyo mnaopika Ijumaa hii, pimeni mchele upya. Mnaoandaa harusi Desemba, mwambieni mpishi mapema: viazi basi, mafuta nusu, kamande ndani, kachumbari kwanza, na maji yawe mengi kuliko soda. Atabisha. Mwacheni abishe, kisha mwambieni yeye ndiye anayelipwa. Na mgeni akiuliza, "Pilau ya mgonjwa ni ipi?" jibu liwe moja tu: hakuna pilau ya mgonjwa hapa, kuna pilau, nawa mikono ukae.